Kamati ilisaini karatasi ya kumalizana. Sasa ifanyeje?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto katika kijiji cha mwambaoni, Wilaya ya Uvinza, Kigoma. Mwezi uliopita binti wa darasa la sita, miaka 14, alibainika ana ujauzito. Anayetajwa ni mwenye mitumbwi, mtu mzima mwenye familia yake. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakakubaliana alipe shilingi laki sita na nyavu, yaishe. Karatasi iliandikwa ofisi ya kijiji na sisi wajumbe wanne tukasaini kama mashahidi, tukiamini tunalinda amani. Sasa mzazi mwingine mwenye jambo kama hilo anataka tumwandikie na yeye. Walimu wanatusema, na tukitaja polisi ndugu wanatuambia tunavunja kijiji. Kamati ifanye kazi vipi bila watu kugawanyika?

JIBU: Ndugu mjumbe, karatasi hiyo msiichane, msiichome, wala msiiandike upya. Tutairudia. Kwanza tuangalie mlivyofika hapo, maana kamati nyingi za vijiji hutumbukia shimo hilohilo, na hutumbukia kwa nia njema.

Kamati hizi zimo katika Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18 na ambao awamu yake ya pili inakwenda hadi 2028/29. Zimeshuka kutoka taifa hadi kijiji na mtaa. Kazi ya kamati ya kijiji ni kuzuia, kubaini, kupeleka mbele na kufuatilia. Hukumu haimo, na usuluhishi wa jinai haumo. Lakini kijijini mtu akipewa kiti na muhuri ukawa karibu, watu humletea mashauri, naye huanza kuamua. Polepole kamati inageuka baraza la bei: mimba laki sita, jino laki moja, kichwa kilichopasuka mbuzi wawili. Bei ikishajulikana, mwenye mitumbwi anaiweka kwenye hesabu zake kama anavyoweka petroli ya injini. Huyo mzazi wa pili msimlaumu. Amekuja kwa sababu mmeshatangaza bei.

Sheria nitaigusa kwa kifupi. Binti wa miaka 14 hana ridhaa ya kutoa, hata akiapa kwamba alimpenda mtu huyo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, jambo hilo ni ubakaji, na kwa mtu mzima adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni maisha. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa: kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumwoa, ni miaka 30. Atatokea mtu wa kusema Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, basi amwoe yaishe. Mwambieni Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019. Isitoshe, katika shauri la namna hii anayeshtaki ni Jamhuri. Baba wa binti hana cha kusamehe, kwa kuwa kesi si yake. Na kupokea mali ili jinai ifichwe ni kosa lenyewe ndani ya Kanuni ya Adhabu.

Sasa msiende kumsomea mzazi vifungu hivyo mkadhani kazi imekwisha. Watu wa mwambao hawamalizani kwa ujinga, wanamalizana kwa hesabu. Kituo cha polisi kiko ng'ambo ya safari ya boti. Kesi ina safari ya kuripoti, ya kuandika maelezo, ya hospitali, halafu tarehe za mahakama zinazoahirishwa. Kila safari ni nauli ya watu wawili, chakula, na siku nzima bila kuanika dagaa. Mtuhumiwa ndiye anayempa mama wa binti dagaa kwa mkopo. Juu ya hayo kuna aibu, na aibu humwangukia mwanamke hata pale ambapo hana la kujilaumu. Kumbukeni habari za "teleza" pale Kigoma Ujiji, zilizosikika nchi nzima mwaka 2019: wanaume wamejipaka mafuta mwilini, wanaingia usiku kwa wanawake wanaoishi bila mume, na wapo wanawake walionyamaza kwa kuogopa kuchekwa mtaani. Kwa hiyo mzazi anapima laki sita mkononi leo dhidi ya safari nyingi zisizo na uhakika. Mkitaka asichukue laki sita, punguzeni uzito wa upande wa pili wa mizani.

Mahali pa kuanzia ni nauli. Vikundi vyenu vya kuweka na kukopa, VICOBA, vina mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa wiki, hupata 15,000. Kwa wiki nne ni 60,000. Vikundi vitatu vikikubaliana, mna 180,000 kwa wiki nne, na hizo zinatosha kuanzia. Fedha hii ilipe boti, bodaboda, chakula cha njiani na vocha ya simu. Mhanga asikabidhiwe taslimu, kwa sababu siku ya mahakama wakili wa upande wa pili atauliza, "Ulilipwa shilingi ngapi kuja kusema haya?"

Mifuko kama hii hufa kwa njia mbili. Ya kwanza, mtu anauomba kama mkopo wa mtaji, anapewa, harudishi. Ya pili ni sanduku lenyewe. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na wenye funguo watatu, jambo zuri kabisa mchana wa kikao. Saa tisa usiku mwenye ufunguo mmoja yuko ziwani, wa pili yuko msibani Kasulu, na binti anavuja damu. Tengeni kianzio cha shilingi 50,000 nje ya sanduku, kwenye laini ya simu ya mweka hazina, atoe kwa kauli ya wajumbe wawili bila kikao, alete risiti ndani ya siku tatu. Kikitumika, kijazwe wiki hiyohiyo.

Mkopo wa dagaa nao unataka jibu. Kabla familia haijafungua mdomo, viongozi wa wanawake waanikaji wazungumze kimyakimya na wenye mitumbwi wengine wawili, ili mama yule apate mzigo kwao. Hakuna semina itakayomfanya mtu amshtaki anayemlisha ikiwa kesho yake kichanja chake kitakuwa kitupu.

Kuhusu saa za mwanzo. Binti huyu zimeshampita, lakini kesi ijayo ya ubakaji itakapofika mlangoni kwenu, kila kitu kitategemea mlivyojiandaa kabla. Kwanza usalama wake na damu yoyote inayotoka. Asioge, asijisafishe sehemu za siri, nguo zisifuliwe. Mama mzazi mwenye uchungu hukimbilia kumwogesha mtoto. Ndivyo moyo unavyomtuma, na ndivyo ushahidi mwingi unavyokwenda na maji. Nguo alizovaa, kila kipande kiwekwe peke yake kwenye bahasha ya kaki, au kifungwe kwa gazeti safi kama bahasha hakuna. Mfuko wa plastiki usitumike: unafungia unyevu, na kwa joto la ziwani ukungu utakuwa umeota kabla nguo hazijafika polisi. Juu ya bahasha andikeni tarehe, saa, na jina la aliyeipokea. Ikibadilisha mikono, wa pili naye aandike.

Kisha kituo cha afya, siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo 72 isichukuliwe kama ruhusa ya kusubiri asubuhi. Zinamezwa siku 28 bila kukatiza. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafanya kazi ndani ya saa 120. Kuna pia tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B, na sindano ya pepopunda kama kuna jeraha. Si kila zahanati ina dawa hizi zote. Ndiyo maana kamati inatakiwa kujua leo, wakati hakuna tukio, kituo kipi kinazo, nani hupatikana usiku, na boti ya nani hukodishwa kwa dharura. Andikeni kwenye ukurasa mmoja, kila mjumbe akae na nakala.

Fomu namba tatu ya polisi, PF3, hutolewa na polisi na hujazwa na daktari. Haiuzwi. Kama zahanati iko dakika kumi na polisi wako nusu siku, aanze kutibiwa, PF3 ifuate. Mganga aandike alichokiona kwenye kumbukumbu za kituo saa ileile, kwa sababu wiki mbili baadaye hatakumbuka michubuko ilikuwa upande gani. Mkifika polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Kama hakuna dawati karibu, polisi kata anaweza kuwaunganisha. Kwa jambo la mtoto ipo pia namba 116, inapigwa bure. Na PF3 ikishajazwa, irudi polisi mara moja. Fomu iliyokaa mwezi mzima chini ya godoro nyumbani, ikalowa, ikapotea ukurasa, imewaokoa watuhumiwa wengi kuliko mawakili.

Jambo linalokosewa zaidi na watu wema ni kumhoji mtoto. Mwalimu anamuuliza, mwenyekiti wa kitongoji anamuuliza, mtendaji anamuuliza na kuandika, kamati nzima ya watu kumi inamzunguka inamuuliza. Akifika polisi ameshasimulia mara tano, na kila mara kidogo tofauti, kama binadamu yeyote. Tofauti hizo ndizo zitakazosomwa mahakamani. Mjumbe mmoja tu aongee naye, mwanamke kama binti anapendelea hivyo, mahali ambapo wengine hawasikii. Amuulize matatu: nani, lini, na unaumwa wapi. Mengine ni ya mpelelezi. Msimfundishe maneno. Mtoto wa miaka 14 kushuka chini hutoa ushahidi akiahidi kusema ukweli na si uongo, na hakimu huona haraka mtoto aliyekaririshwa. Wapo wanaodhani bila shahidi aliyeona kwa macho hakuna kesi. Si kweli: kwa makosa ya kujamiiana, mahakama ikiridhika kwamba mhanga anasema kweli, ushahidi wake peke yake unaweza kutosha.

Na umri lazima uthibitishwe. Hati ya mashtaka kusema "miaka 14" haitoshi. Tafuteni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rejista ya shule. Mzazi au mwalimu naye anaweza kuusema kizimbani. Ni kazi ya nusu saa ambayo ikisahaulika inaangusha shauri zima.

Baada ya hapo, kila kesi iwe na mjumbe wake mmoja. Anajua namba ya jalada, anajua tarehe, anasafiri na familia. Shauri likiahirishwa mara mbili tatu mashahidi hawaonekani, linaondolewa, na kijijini itasemwa kwamba mtuhumiwa "ameshinda". Tafuteni pia msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hatozi ada, na ana mazoea na makarani wa mahakama kuliko ninyi.

Je, suluhu haina nafasi kabisa? Inayo, tena kubwa, na hapa kamati inaweza kupata heshima yake. Mume halipi matunzo, mke na mume wanagombea fedha za mavuno ya mawese, mkwe anamfukuza mke wa marehemu kwa maneno, vijana wanatukanana mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki: hayo wazee wayakalie, na ya ndoa yapelekwe baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo Sheria ya Ndoa inalitambua. Hata mahakama inaruhusiwa kuwapatanisha watu kwenye shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi. Mstari unapita hapa: ubakaji, ulawiti, mimba au ndoa ya mwanafunzi, kipigo cha kuumiza, kuchomwa, silaha, tishio la kuua. Hayo hayakaliwi. Na kipigo cha mara ya tatu, hata kikiwa "kidogo", msikikalie. Mke anayeketishwa mbele ya wazee pamoja na mume anayempiga hasemi kweli; anasema kitakachomwezesha kulala salama usiku huo. Kama ni lazima ahame kwa muda, akae kwa ndugu au jirani asiyetishika. Kwa mtoto, afisa ustawi wa jamii ndiye mwenye mamlaka ya kumweka kwa familia ya kuaminika. Msimfiche mtoto kwa mjumbe kienyeji, mtashtakiwa ninyi.

Sasa amani ya kijiji. Mnaambiwa mnagawanya watu. Kinachogawanya watu zaidi ni sheria inayotungwa siku ambayo mtuhumiwa ameshajulikana, kwa sababu hapo kila neno linasikika kama linamlenga mtu na ukoo wake. Itangazeni kabla. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu. Ombeni nafasi kwenye ajenda, msome orodha ya mambo yasiyokaliwa, watu wahoji, muhtasari uandikwe. Siku likitokea la mtoto wa mwenyekiti, mjumbe anasema, "Hatukuamua leo, tuliamua sote mwezi wa tatu." Maneno hayo yanamlinda mjumbe kuliko mgambo. Mambo ya kuzuia, kama saa za vilabu vya pombe au watoto kulala mwaloni, yanaweza kuwa sheria ndogo ya kijiji: halmashauri ya kijiji inaipitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Msijaribu kuandika sheria ndogo ya ubakaji. Haitaidhinishwa, na haihitajiki.

Sungusungu wenu, au ulinzi shirikishi, wasiachiwe mtuhumiwa. Mtu akichapwa viboko hadi akubali, kukiri kwake kunakuwa hakuna thamani mahakamani, ndugu zake wana kisa cha kulipiza, na waliochapa wana kesi. Wamshike, wamfikishe, basi.

Kuna ukatili mwingine Kigoma ambao kamati huwa hauhesabu kuwa wake: kamchape na lambalamba. Waganga wa kusafisha kijiji wanakuja, wanachangiwa fedha, wanaingia nyumba hadi nyumba wakionyesha wachawi, na wanaoandamwa mara nyingi ni vikongwe, hasa wajane. Nyumba zinabomolewa, watu wanahama usiku. Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, inafanya kumtuhumu mtu kwa uchawi kuwa kosa. Mkisikia michango inaanza kukusanywa, hiyo ndiyo saa ya kumwita polisi kata na mtendaji wa kata. Wakishaingia na ngoma, kundi la vijana mia mbili halisikii kamati. Na wajane wa kijiji mnawajua kwa majina; wapangiwe mjumbe wa kuwatembelea kila wiki, kimya kimya.

Kuzuia kunahitaji kalenda. Kijiji cha dagaa kina kalenda yake, na haifuati Januari hadi Desemba. Usiku wa giza mitumbwi iko ziwani na taa zake. Mbalamwezi ikiwaka, kwa takriban wiki moja mitumbwi hulala. Wanaume wako nchi kavu, mgawo umetoka, gongo liko wazi. Chukueni daftari la zahanati la majeraha (idadi tu, bila majina) mlilinganishe na tarehe za mwezi kwa miezi sita. Mkiona majeraha yanaongezeka wiki ile, mmejua pa kuelekeza nguvu: zamu ya wajumbe wawili jioni, kilabu kifungwe mapema, na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ikubali mgawo uhesabiwe asubuhi mwaloni badala ya jioni kilabuni, sehemu ya nyumbani ikitumwa moja kwa moja kwenye simu ya mke kwa mvuvi atakayekubali. Wapo watakaokataa. Anzeni na wanaokubali. Na mwaka wa ziwa kufungwa, kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, jiandaeni mapema, kwa sababu nyumba isiyo na kipato kwa miezi mitatu huwa na hasira ya kutafuta pa kuishia.

Mazungumzo na wanaume yanafaa, ila si kwa mtindo wa mkutano mkubwa na spika. Kaeni na wavuvi 12 hadi 15, walewale kila wiki, dakika 90, angalau wiki 10, siku wanazopumzika nyavu. Kikao cha kwanza kisianze na ukatili. Kianze na fedha: mgawo wa mwezi huu uliingia kiasi gani, ulikwenda wapi, nani aliamua. Ugomvi wa nyumbani utajitokeza wenyewe ndani ya nusu saa. Anayeongoza awe mvuvi anayeheshimika pamoja na mwanamke, wote wawili wamefunzwa. Na msilipe posho. Posho ikianza, mnapata watu wa posho. Ikiisha, mnabaki na chati ukutani. Mitaa ya Kampala iliyofanya kazi ya namna hii kwa mbinu ya SASA!, utafiti wake ukachapishwa mwaka 2014, ilichukua karibu miaka mitatu ya mazungumzo ya majirani kwa majirani, na mwishoni wanawake waliosema wamepigwa na wenza wao katika mwaka uliotangulia walikuwa karibu nusu ya wale wa mitaa ambayo haikufikiwa. Miaka mitatu. Fulana za Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, hazina ubaya. Ubaya ni kuamka siku 16 na kulala siku 349.

Daftari la kamati liwe na namba badala ya majina: tarehe, umri, jinsi, aina ya tukio, alikopelekwa, tarehe ya kufuatilia, hali ilivyo. Majina yakae kwenye karatasi nyingine, kwa mtu mmoja, chini ya kufuli. Na kundi la WhatsApp la kijiji lisiione picha ya mhanga hata yenye sura iliyofunikwa, maana kwenye kijiji cha kaya mia tatu khanga tu inatosha kumtambulisha mtu. Mjumbe akivujisha siri mara moja, aondoke. Wanawake hawatawapa nafasi ya pili.

Turudi kwa binti. Kliniki kwanza, wiki hii, kwa sababu mwili wa miaka 14 una hatari kubwa ya uchungu wa kukwama na kifafa cha mimba. Apangiwe kujifungulia hospitali yenye upasuaji, na nauli yake itengwe sasa. Mwalimu mkuu aandike kwamba ametoka kwa ujauzito, asimfute: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shule. Kesi haijachelewa. Saa 72 ni za dawa. Kosa la namna hii halifi kwa kupita miezi, na mtoto akizaliwa, vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vinaweza kuonyesha baba.

Na ile karatasi. Ina tarehe, ina kiasi, ina saini ya aliyelipa na sababu ya kulipa. Toeni nakala, halafu wajumbe wanne mliosaini mwende pamoja Dawati la Jinsia na Watoto mkaikabidhi halisi, mpewe namba ya taarifa, na kila mmoja aandike maelezo yake mwenyewe kuhusu kikao kile: nani aliitisha, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Ongeeni na msaidizi wa kisheria kabla ya safari, kwa sababu saini zenu zina maswali ya kujibiwa, na ni afadhali kujibu mkiwa mmekwenda kwa miguu yenu. Mjumbe anayekataa kwenda asilazimishwe, lakini asibaki kwenye kamati. Fedha ambayo haijaliwa isirudishwe kwa siri kwa mwenye mitumbwi. Itajwe polisi ilivyo. Mzazi wa pili mwambieni siku hiyohiyo kwamba boti ina nafasi yake na ya binti yake, nauli imelipwa.